Ukakasi wa Maneno na Haki ya Jirani

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo na wajumbe wa kamati za haki na amani, Picha ya Ndege, Kibaha)





Nimeombwa nizungumze juu ya maneno. Yamkini wapo miongoni mwenu waliotarajia mada juu ya ardhi, au juu ya mabaraza ya kata, na kwa kweli mada hizo zinahitajika. Hata hivyo, naomba mnivumilie. Kila shauri linalofika mbele ya kamati zenu linafika likiwa limevaa neno, na mara nyingi neno hilo ndilo linaloamua kama shauri litasikilizwa au litawekwa pembeni.

Nianze na tunda ambalo sisi wa Mkoa wa Pwani hatuhitaji kuelezwa. Mtoto anapoliokota bibo chini ya mkorosho na kuliuma kabla halijaiva sawasawa, huhisi ulimi ukikauka, ufizi ukivutwa na koo likikwaruza. Si uchungu kama wa mwarobaini, wala si uchachu kama wa ukwaju. Wazee waliipa hali hiyo jina lake: ukakasi. Nalo jina hili limeacha mashamba likaingia katika mazungumzo ya watu wazima, hata leo husemwa kwamba maelezo ya fulani yana ukakasi, au kwamba hesabu za mradi zina ukakasi. Maana yake ni kwamba kinywa kimekataa kumeza, ingawa akili bado haijajua kwa nini.

Kiswahili kina akiba kubwa ya maneno ya namna hii, na aghalabu kila neno lina kiungo chake cha mwili. Kisu kikipita juu ya sahani ya bati hutia meno ganzi. Moshi wa kuni mbichi hukereketa koo. Mshindo wa ghafla usiku humgutusha aliyelala. Neno la dharau huchoma moyo. Hata neno tunalolisikia sana kanisani, kukwaza, ni la mguu: mtu hujikwaa kidole katika jiwe lililo njiani, na kutokana na jiwe hilo tukapata kikwazo. Mtakumbuka pia kwamba katika siasa zetu mtu aliyekipenda chama kwa dhati aliitwa mkereketwa, yaani mtu ambaye jambo la wenzake linamwasha yeye mwenyewe kooni. Natamani neno hilo lisingeachiwa vyama peke yao.

Sasa, ikiwa lugha yetu ni tajiri kiasi hicho, kwa nini tunapoandika malalamiko ya watu wetu tunatumia maneno mawili au matatu tu?

Niwasimulie jambo lililotokea mbele yangu miaka kadhaa iliyopita, katika parokia ambayo sitaitaja. Alikuja mama mmoja mjane, mwenye umri wa kutosha kunizaa, akalalamika juu ya jirani yake mwenye klabu ya pombe na spika zake. Katibu wetu alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri. Alimsikiliza kwa adabu, kisha akaandika katika daftari: “Kero ya kelele.” Akamsomea. Yule mama akanyamaza kidogo, akasema: “Mwanangu, kero ni inzi. Mimi silali.”

Nakiri kwamba nilikuwa nimekaa pembeni ya katibu na nisingeandika tofauti.

Tulimwomba akae, tukaanza upya. Ikajulikana kwamba muziki huanza saa nne za usiku na kuendelea hadi saa nane au tisa. Kwamba anaishi na mjukuu wa darasa la saba anayesinzia shuleni na kuchapwa kwa kusinzia. Kwamba yeye mwenyewe ana shinikizo la damu na amekwisha kuambiwa apate usingizi. Na kwamba alipokwenda kulalamika mara ya kwanza, alijibiwa kwamba kama hapendi mji ahamie porini. Katika maelezo hayo yote, inzi yuko wapi? Kuna afya, kuna elimu ya mtoto, kuna utu wa mtu mzima uliotukanwa. Na kuna sheria pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaugusa uchafuzi wa kelele, na Kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo zinaweka viwango vya mchana na vya usiku. Afisa anayepokea karatasi yenye maneno “kero ya kelele” anaweza kuiweka chini ya karatasi nyingine. Anayepokea karatasi yenye saa, siku, mtoto na ugonjwa, hana budi kuitazama mara mbili.

(Kwa haki, niseme pia kwamba yule mwenye klabu alipoitwa alituuliza juu ya spika za mikesha yetu. Hatukuwa na jibu la haraka. Spika zetu zilipunguzwa sauti kabla ya zake.)

Kero, ndugu zangu, ni neno halali. Kukera ni kuudhi, kusumbua kidogo kidogo bila kukoma. Ubaya ni kwamba limepandishwa cheo. Tunasikia kero ya maji kwa mama anayetembea usiku na ndoo. Kero ya wakulima na wafugaji mahali ambapo watu wamekufa kwa mishale na mapanga. Kero za Muungano kwa mambo yanayohusu mapato na mamlaka ya kikatiba kati ya pande mbili za nchi. Linalokera huvumiliwa, na asiyevumilia huonekana mtu wa hasira. Hivyo, jambo likiisha kuitwa kero, lawama huanza kumhamia mlalamikaji taratibu.

Neno la pili ni changamoto. Kwa asili ni jambo linalomwamsha mtu ajitahidi, kama mtihani au mlima. Siku hizi kila kitu ni changamoto: dawa zilizokwisha hospitalini, fedha zilizopotea, mimba ya mtoto wa shule. Nitatoa mfano mmoja tu, kwa kuwa unatuhusu sisi kama Kanisa. Mwishoni mwa Aprili 2020 nchi yetu iliacha kutangaza takwimu za ugonjwa wa korona. Mwaka uliofuata, katika matangazo ya misiba, tulianza kusoma kwamba marehemu alikuwa na “changamoto ya upumuaji”. Fikirini maneno hayo. Mtu amekosa pumzi hata akafa, nasi tunasema alipata changamoto. Januari 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waamini kwamba ugonjwa upo na unaua, na Machi mwaka huo Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba katika muda wa miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki baada ya kupata shida ya kupumua. Siwalaumu waliokuwa wakiandika matangazo ya misiba. Walikuwa na hofu, na hofu hutafuta neno laini. Lakini neno laini lilimfanya jirani asinawe mikono, akaenda msibani akakaa bega kwa bega na wenzake.

Hata ukakasi, neno nililoanza kwa kulisifu, limeanza kutumika vibaya. Ukakasi ni ishara kwamba kuna jambo la kuchunguza. Uchunguzi ukiisha na wizi ukaonekana, haufai kuendelea kuitwa ukakasi. Bibo ni bibo na mwizi ni mwizi.

Huo ndio upande wa kwanza. Upande wa pili ni kinyume chake, nao unanitia hofu zaidi. Tunayapoza mambo kwa maneno laini, kisha ukali wote tuliouondoa katika mambo tunawamwagia watu.

Hapa Picha ya Ndege mnaijua Barabara ya Morogoro kwa sababu mnaishi kando yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi zilibomolewa kandokando ya barabara hiyo kati ya Kimara na Kiluvya, mwendo mfupi tu kutoka hapa tulipo, kwa maelezo kwamba zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kila upande. Sikuja kuipinga barabara. Upanuzi wa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha umewasaidia hata wagonjwa wanaopelekwa Muhimbili. Nimekuja kuzungumza juu ya maneno yaliyotumika. Kwa upande wa jambo, maneno yalikuwa mapole: “hifadhi”, ambalo ni neno la kulinda, “kupisha”, ambalo ni neno la adabu, kama vile unavyompisha mzee mlangoni. Kwa upande wa mtu, neno lilikuwa moja: mvamizi. Wapo waliokuwa wamekaa miaka mingi, wakalipa kodi ya majengo, wakaunganishiwa umeme na maji, na hati zao za mauziano zikapigwa mihuri ya serikali za mitaa. Asubuhi moja wakakuta alama ya X ya rangi nyekundu ukutani na wao wenyewe wameitwa jina linalomfaa jeshi la adui.

Watu nao walijibu kwa neno lao: bomoabomoa. Lisikilizeni. Halikutungwa na kamati yoyote. Limejirudia lenyewe kama nyundo inavyojirudia. Linakwaruza sikio kwa sababu jambo lenyewe linakwaruza, na kwa hiyo ni neno la kweli kuliko “kupisha”.

Nisieleweke vibaya. Wavamizi wapo. Hapa hapa Kibaha, na ng'ambo huko Kisarawe, wapo watu wanaoingia usiku katika shamba la mjane na kulikata viwanja, na wanaouza kiwanja kimoja kwa wanunuzi watatu. Hao wakithibitika waitwe jina lao bila kumung'unya. Ninachokataa ni jina kutangulia shauri. Katiba yetu, katika ibara ya 24, inatambua haki ya mtu kumiliki mali na kupata fidia anaponyang'anywa mali hiyo kwa mujibu wa sheria. Lakini ukisha kumwita mtu mvamizi, nani atakumbuka kuuliza kama anastahili fidia? Neno limekwisha kutoa hukumu kabla hakimu hajavaa miwani.

Hili si jambo jipya kwetu. Wenye umri kama wangu wanakumbuka mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, vijana waliokutwa mijini bila kitambulisho cha kazi walipoitwa wazururaji na kukamatwa wapelekwe vijijini. Wengi wao walikuwa na kazi, ila kazi ya kuuza karanga haikuwa na kitambulisho. Mzururaji ni mtu asiye na mahali anakokwenda. Basi ikaonekana ni halali kumpeleka popote.

Sasa nifike kwenye neno ambalo naomba lisisikike tena katika jumuiya zetu, nalitamka leo kwa sababu ya mafunzo tu: zeruzeru. Wengi wetu tulikua tukilisikia na hatukudhani lina ubaya. Wanaoitwa hivyo wamekuwa wakituambia siku nyingi kwamba linawachoma, nasi tumekuwa tukiwajibu kwamba ni Kiswahili tu. Kisha, kuanzia takribani mwaka 2006, likaja wimbi la mauaji na ukataji wa viungo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, na mitaani, hata mijini, wenzetu hawa wakaanza kuitwa kwa neno jingine jipya: dili. Mtu anapita sokoni kununua nyanya, vijana wanaita “dili, dili”. Hilo ni neno la biashara, na wenye kuliita walijua bei inatajwa. Kati ya neno la kwanza na la pili palikuwa na njia, na sisi tuliitengeneza njia hiyo kwa kuwazungumzia wenzetu kana kwamba ni viumbe wa ajabu, hata tukahadithiana kwamba hawafi bali hupotea. Asiyekufa kama watu wengine atauawaje? Na aliyepotea nani amtafute?

Leo tunasema mtu mwenye ualbino, tukimtanguliza mtu. Ni maneno marefu zaidi, lakini tumejifunza maneno marefu kuliko hayo tunapotaja vyeo. Mwaka 2008 Al-Shaymaa Kwegyir aliteuliwa kuwa Mbunge, na mwaka 2010 Salum Khalfani Barwany alichaguliwa na wananchi wa Lindi Mjini. Nao wakasimama Bungeni wakiitwa Waheshimiwa. Tangu mwaka 2015 Juni 13 huadhimishwa duniani kote kuwa siku ya uelewa kuhusu ualbino. Jumuiya zenu ziiweke katika kalenda.

Wapo wanaosema kwamba lugha yenyewe ndiyo ya kulaumiwa, kwa kuwa imewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli moja na kiti na kijiko. Hoja hiyo ina uzito na imetusaidia kupata maneno kama mlemavu na asiyeona. Lakini tuitendee lugha haki. Katika ngeli hiyo hiyo wamo kijana, kinyozi na kiongozi. Tena, hakuna Mswahili anayesema “kipofu kimekuja”. Husema “kipofu amekuja”, kama vile padre amekuja na mama amekuja. Sarufi ya wazee wetu, hata ilipomtaja mtu kwa ulemavu wake, ilirudi haraka na kumkiri kuwa mtu. Tunaoshindwa ni sisi tunaoitumia.

Mnaweza kuuliza: je, si tunakuza jambo? Neno halivunji mfupa. Jibu lilitolewa mlangoni petu, Arusha. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana, Jean-Bosco Barayagwiza na Hassan Ngeze, watu ambao silaha zao zilikuwa redio ya RTLM na gazeti la Kangura. Katika rufani, mwaka 2007, baadhi ya makosa yalifutwa na adhabu zikapunguzwa, lakini hakuna kati yao aliyetoka bila hatia. Neno lililosikika sana katika redio ile lilikuwa inyenzi, yaani mende. Mende si tusi. Kila nyumba ina mende, na kila mwenye nyumba anajua la kufanya amwonapo. Hapo ndipo ilipokuwa hatari yake: neno halikuwaambia watu wachukie, liliwakumbusha kazi ya kawaida ya asubuhi. Kenya nako, katika machafuko ya uchaguzi, majirani wa makabila mengine waliitwa madoadoa, na doa hufutwa. Hata mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ya nchi hiyo ilikuwa bado inaliorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno yasiyofaa katika kampeni. Mnaona kwamba hayo yote ni maneno ya usafi wa nyumba. Kwa hiyo msisubiri kusikia matusi ndipo mshtuke. Mkimsikia kiongozi, awe wa siasa au wa dini, awe hata ni mmoja wetu, akisema juu ya watu kwa maneno ya kufagia, kupalilia au kunyunyizia dawa, hapo ukakasi uanze kinywani.

Bwana wetu alilijua jambo hili. Katika hotuba ya mlimani, mara baada ya kutaja kuua, anataja mtu anayemwita ndugu yake kwa neno la dharau, na anayaweka mambo hayo mawili katika fundisho moja. Mtume Yakobo naye anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu. Someni sura ile ya tatu mtakaporudi nyumbani, sitaisoma hapa.

Ninayo pendekezo kwa makatibu. Katika daftari la malalamiko, chora mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika maneno ya mlalamikaji mwenyewe kama alivyoyatamka, kwa lafudhi yake, hata kama ni ya Kizaramo au Kikwere na hata kama yanakwaruza. Upande wa kulia andika maneno ya kamati. Usianze na upande wa kulia. Kisha msomee pande zote mbili, umuulize kama ni kitu kimoja. Asiyejua kusoma asikilize, na asipokubali, upande wa kulia ndio ufutwe. Na jina la anayelalamikiwa liandikwe kama jina la mtu, “ndugu fulani, mkazi wa mtaa fulani”, bila mvamizi, bila mchawi, bila mlevi, mpaka asikilizwe.

Yule mama mjane tulimwandikia hivyo. Shauri lake lilichukua miezi minne, na muziki sasa huzimwa saa sita, si saa nne kama alivyotaka. Nilipokutana naye baada ya Misa nikamuuliza kama ameridhika. Alisema: “Bado inanikera, mwanangu.” Kisha akacheka, akanionyesha mjukuu wake aliyekuwa amevaa sare ya kidato cha kwanza.

Baada ya chai tutagawanyika katika vikundi. Kila kikundi kimepewa kurasa tatu kutoka katika madaftari yenu wenyewe, majina yakiwa yameondolewa. Tafuteni kila mahali palipoandikwa kero au changamoto, mjaribu kueleza kwa maneno mengine ni nini hasa kilichompata mtu huyo, saa ngapi, na nani alikuwepo.